Tusiogope Kukata Khanga

Kurasa hizi huwa za arusi, za watoto waliozaliwa na za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu naomba nafasi ndogo niseme juu ya kitambaa, kwani ugomvi wake haujakwisha nyumbani kwetu.

Hapa Doha, tarehe 17 Mei 2020, siku chache kabla ya Idi, barakoa ilifanywa lazima kwa kila atokaye nje. Mkaidi aliweza kutozwa hadi riyali 200,000 au kufungwa hadi miaka mitatu. Maduka ya vitambaa yalikuwa yamefungwa. Barakoa chache za dawa tulizokuwa nazo tulimwachia kaka yangu, mgonjwa wa pumu. Sisi wengine tukafungua masanduku na kukalia cherehani.

Nakiri kosa langu. Za mwanzo nilizishona kwa satini iliyobaki kwenye nguo za Idi, kwa kuwa inang'ara. Mtoto wa kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akitununulia chakula, aliivaa. Jua la Mei lilipomchoma akaishusha chini ya pua. Kisha akarudi ndani kwa baba yake. Hapo nikafahamu kwamba kitambaa kisichopitisha pumzi hakina tofauti na chenye matundu, maana hapana atakayekistahamilia.

Mabibi zetu walivaa barakoa kwa stara na pambo. Hii yetu ni ya pumzi, basi tuichague kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani, Juni 2020, lilishauri tabaka tatu: ya ndani ya pamba inayofyonza unyevu, ya kati ya kuchuja, na ya nje isiyoloa upesi. Kipimo changu cha nyumbani ni chepesi. Inua kitambaa kwenye taa: nuru ikipenya kama kwenye chujio la tui, kiache; ndiyo maana mtandio wa shifoni haufai. Kisha kikunje tabaka zote, kiweke puani na uvute pumzi: ukihangaika, kiache pia. Khanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, lakini haijachakaa, hufaulu mitihani yote miwili, tena ni laini usoni. Mpya yenye dondo ifuliwe kwanza.

Wifi yangu alilia nilipotia mkasi khanga ya marehemu mama. Alisema kumbukumbu haikatwi. Mimi nasema mama alibebea watoto khanga zake, akafunikia wagonjwa, akafutia machozi. Hangeridhika moja iliwe na nondo sandukuni na mwanawe yumo hatarini. Hata hivyo nilikata mji tu. Pindo na jina nikampa wifi ayatunze. Na si adabu kutembea na jina la khanga mdomoni, jirani akadhani anapigwa kijembe!

Amri ile ya 2020 imekwishaondolewa, lakini maradhi hayapigi hodi. Kila nyumba iweke khanga moja safi ya pamba, mpira wa kufungia na sindano, na vijana wafundishwe kipimo cha taa na cha pumzi. Kumbukumbu ya mama ni watoto wake kuwa hai.

Wabillahi tawfiq.