Rada Haioni Tonado

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita nilikaa nyuma ya darasa la sita, nikamsikiliza mwanachuo akieleza namna Wamarekani wanavyotambua dhoruba zao. Maandalio yake yalikuwa safi na sauti yake ilisikika vizuri. Kisha akaandika ubaoni: "Rada ni chombo kinachoona tonado ikiwa mbali," na watoto wote wakanakili. Sentensi ile ni fupi, ni rahisi kukariri, na si kweli. Nami nashikilia kwamba somo zima limo katika kuirekebisha.

Kwanza neno lenyewe. Twaita kimbunga ile dhoruba kubwa ya baharini, kama Hidaya kilichoikaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, na wengine huiita tonado kwa jina hilo hilo. Viwili hivi havilingani: kimoja hutanda mamia ya kilomita, na kingine aghalabu upana wake ni mita mia chache tu. Mtoto aijuaye chamchela ya uwanjani, ile izoayo vumbi na makaratasi saa sita mchana, ameanza kulipata umbo la tonado. Ila aambiwe mapema kwamba chamchela huanzia chini, kwenye ardhi yenye joto, na tonado hushuka kutoka katika wingu kubwa la ngurumo. (Wakikuambia kuwa chamchela hubeba pepo, usiwakemee, waulize huzoa nini na hutokea saa ngapi.)

Rada hutoa mawimbi ya redio. Yakigonga matone ya mvua au mvua ya mawe, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Tarehe 9 Aprili 1953, fundi Donald Staggs alikuwa akishughulika na rada ya kupimia mvua huko Champaign, Illinois, alipoona mwangwi wa mvua umejikunja kama ndoana, mahali ilipokuwapo tonado. Alichokiona ni mvua iliyovutwa na upepo unaozunguka. Tonado yenyewe haikuwamo katika picha ile. Iligunduliwa kwa akili.

Rada za Doppler, zitumiazo kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, huongeza jambo moja: hupima kama matone yanaikaribia rada au yanaiacha, na kwa kasi gani. Tone linalokatiza mbele yake huonekana kama limesimama. Hapa ndipo watoto watoke nje.

Chora duara kubwa kwa majivu, na watoto kumi na wawili watembee juu yake kinyume cha mwendo wa saa. Mwingine, ndiye rada, asimame hatua thelathini kutoka hapo, aupe mgongo uwanja. Kila mtembezi anayemkaribia ainue jani bichi. Anayemwacha ainue kitambaa chekundu. Rangi hizo ndizo zitumikazo katika picha za Marekani. Mtoto wa kumi na nne, aliyesimama kando ya rada na kuutazama uwanja, amtajie rangi tu na mahali zilipo: kijani kushoto, nyekundu kulia, zimekaa jirani. Sasa rada achore ardhini anavyodhani wenziwe wanafanya. Wako watakaochora mistari miwili inayopishana, na hilo si kosa la kuchekwa; kwa habari walizopewa, yawezekana. Mabishano yatakayofuata yana thamani kuliko kurasa mbili za kunakili.

Baada ya mchezo huo ndipo jina la Union City, Oklahoma, litakapokuwa na maana kwao. Tarehe 24 Mei 1973 rada ya utafiti iliyokuwa Norman ilirekodi dhoruba ya huko. Wataalamu walipochambua rekodi waligundua kwamba alama ya mzunguko mkali ilianza juu winguni kabla tonado haijagusa ardhi. Kwa maarifa hayo, katika miaka ya 1990 Marekani ilieneza rada za Doppler zaidi ya 150.

Hata hizo zina upofu wake. Mwali wa rada ulioinuliwa nusu digrii, ukifika kilomita 100, huwa juu ya ardhi kwa kilomita moja na nusu hivi, maana nayo dunia imepinda. Rada huona kiuno cha dhoruba, miguu haioni. Kwa hiyo watu waliofunzwa kutazama mawingu wangali wanahitajika. Ni kweli kwamba baada ya marekebisho yaliyokamilika mwaka 2013 rada hizo zaweza kutambua mbao na vifusi vinavyorushwa angani. Lakini wakati huo nyumba zimekwisha kuvunjika.

Wenzangu wengine husema hayo ni mazito kwa shule ya msingi. Nawakumbusha Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011. Tahadhari ilitolewa robo ya saa na ushei kabla, ving'ora vikalia, na watu zaidi ya 150 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi hawakujificha mara moja. Walikuwa wamezoea ving'ora visivyofuatwa na jambo, wakangoja dalili nyingine. Sidai kwamba somo la uwanjani lingewaokoa. Lakini aliyefundishwa kuwa chombo "huona tonado" atasema kimemdanganya siku isipotokea. Aliyefundishwa kwamba chombo huonyesha mzunguko, na kwamba mizunguko mingi haizai tonado, atajua kwa nini tahadhari ya jana haikuwa uongo, wala hataidharau ya leo. Watoto wetu nao husikia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yenye rada Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara, na neno "uwezekano" limo ndani yake.

Mwanachuo yule alinisikiliza, kisha akauliza vitambaa vyekundu kumi na viwili atavipata wapi. Tukakubaliana atumie maua ya mkrismasi ulio kando ya ofisi, na sentensi ya ubaoni aifute mbele ya darasa lile lile.