Hofu ya eksirei ya meno na picha zinazorudiwa bure

MNAMO Februari 2024, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo uliowashangaza wagonjwa wengi. Kilisema kwamba aproni nzito ya madini ya risasi, ambayo mgonjwa amekuwa akivishwa kwa miongo mingi kabla ya kupigwa picha ya meno, haihitajiki tena. Hali kadhalika ukosi unaofungwa shingoni ili kuikinga tezi ya thairoidi.

Anayeisikia habari hiyo juu juu aweza kuielewa kwa njia mbili, na zote mbili ni potovu. Mmoja atasema kwamba kumbe eksirei ya meno haina athari yoyote mwilini. Mwingine atasema kwamba wataalamu wamechoka kutujali. Ukweli ni kwamba mitambo ya kisasa hurusha mwale mwembamba unaolenga taya pekee, na mionzi inayotawanyika hadi kifuani au tumboni ni kidogo mno. Zaidi ya hayo, katika picha pana inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja, aproni au ukosi ukiingia katika njia ya mwale huharibu picha. Picha ikiharibika, mgonjwa hupigwa nyingine. Kinga yenyewe inageuka kuwa chanzo cha mionzi ya ziada.

Lakini mdomo haukuwahi kufunikwa na aproni. Mashavu, fizi, ulimi na tezi za mate ndivyo vinavyopokea mwale moja kwa moja, na hapo ndipo mjadala ungepaswa kuanzia.

Mionzi ya eksirei inapopenya katika seli, hugonga maji yaliyomo na kuzalisha chembe kali zinazoweza kuikata DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kiini cha seli. Mara nyingi seli hujirekebisha. Isipoweza, hufa. Hatari kubwa iko katika njia ya tatu: seli iliyorekebishwa vibaya, ikaendelea kuishi na kugawanyika huku ikibeba kosa lake.

Wanasayansi wana njia rahisi ya kuchunguza mambo haya bila kisu wala sindano. Husugua ndani ya shavu kwa kijiti au brashi, wakazitia seli rangi na kuzitazama kwa hadubini. Seli inapogawanyika ilhali kromosomu zake zimekatika, kipande kinachoachwa nyuma hujikunja na kuwa kiini kidogo kando ya kiini kikuu. Viini vidogo vikiwa vingi, ni ishara kwamba urithi umeharibiwa. Viini vilivyosinyaa, kupasukapasuka au kuyeyuka ni ishara ya jambo tofauti: seli inakufa.

Nchini Brazil, watafiti akiwemo Daniel Araki Ribeiro walifanya uchunguzi wa aina hiyo kwa watoto waliohitaji picha pana ya taya, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Walichukua seli kabla ya picha na tena baada ya siku kumi. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha, kwani seli za shavu huzaliwa katika tabaka la chini na kuchukua siku kadhaa kupanda hadi juu zinakoweza kusuguliwa. Viini vidogo havikuongezeka kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Seli zilizokuwa zikifa ndizo zilizoongezeka. Watafiti wengine waliofuata nyayo hizo hawakukubaliana kila mara kuhusu viini vidogo, ila dalili za vifo vya seli zimejitokeza tena na tena.

Je, mzazi aelewe nini hapo? Seli iliyokufa haiwezi kuwa saratani, na ngozi ya ndani ya mdomo hujijenga upya kila baada ya majuma machache. Picha moja, basi, si msiba. Hata hivyo, mwandishi huyu haoni sababu ya kulipuuza tokeo hilo. Seli zinapokufa kwa wingi, zile za chini hulazimika kugawanyika kwa kasi ili kujaza pengo, na seli inayogawanyika kwa haraka hupata nafasi zaidi ya kukosea. Ndiyo maana swali la maana linahusu marudio zaidi ya picha moja.

Tusisahau pia kwamba mdomo una maadui wengine. Mwaka 2001 Fekadu Kassie na wenzake walitumia kipimo hicho hicho cha viini vidogo kwa wanaume wanaotafuna miraa, wasiovuta sigara wala kunywa pombe, na wakakuta viini hivyo vimeongezeka takriban mara nane. Anayekataa picha ya jino kwa kuogopa mionzi huku shavu lake limetuna majani amekosea hesabu.

Na hesabu yenyewe ni muhimu. Kipimo cha mionzi mwilini huitwa siveti, nasi tutatumia mikrosiveti, ambayo ni sehemu moja ya milioni. Ardhi, anga na chakula humpa binadamu wa kawaida duniani wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya sita kila siku. Picha ndogo ya jino moja au mawili kwa mtambo mzuri ni chini ya 10. Picha pana ya taya ni takriban 10 hadi 25. Mtambo mpya unaozunguka kichwa na kutoa picha ya pande zote tatu ni habari nyingine kabisa: unaweza kutoa makumi kadhaa au hata mamia, kutegemea ulivyopangwa.

Ikumbukwe kwamba makadirio ya zamani yalikuwa ya chini kuliko haya. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliziingiza tezi za mate katika orodha ya viungo vinavyohesabiwa kipekee mwaka 2007 pekee, baada ya ushahidi kutoka kwa walionusurika mabomu ya atomiki nchini Japan kuonyesha kwamba tezi hizo hupata uvimbe kutokana na mionzi. Hesabu ziliporudiwa mwaka uliofuata, athari iliyokadiriwa kwa picha za meno ilipanda kwa asilimia 32 hadi 422, kulingana na aina ya picha. Mashine hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mdomo sasa ulihesabiwa.

Mwaka 2012 Elizabeth Claus wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walizua mjadala mkali waliporipoti kwamba watu wenye uvimbe wa utando wa ubongo walikuwa na uwezekano mkubwa wa kusema kwamba walipigwa picha za meno mara kwa mara. Wakosoaji walijibu, na kwa haki, kwamba mgonjwa aliyekwisha kupata uvimbe hukumbuka picha nyingi kuliko mtu mzima, na kwamba mitambo ya utotoni mwao ilitoa mionzi mingi kuliko ya leo. Utafiti huo haukuthibitisha chanzo, ila uliwakumbusha madaktari kwamba picha ya kila mwaka kwa mazoea tu haina utetezi.

Mazoea hayo yapo hapa kwetu. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 alipelekwa katika kliniki moja jijini Nairobi ili ashauriwe kuhusu vyuma vya kunyoosha meno. Kabla daktari hajamwambia afungue mdomo, alikuwa ameshapigwa picha pana, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya malipo ya kujiandikisha. Bei ya vyuma ilipowashinda wazazi, walikwenda kliniki ya pili na kuomba picha hiyo kutoka kwa ile ya kwanza. Waliambiwa ni mali ya kliniki. Mtoto akapigwa picha ya pili, katika muda wa majuma matatu, ya taya lile lile ambalo halikuwa limebadilika hata kidogo.

Mwongozo wa Marekani uliovuma kwa sababu ya aproni una vipengele vingine ambavyo havikupata kelele hiyo. Daktari amchunguze mgonjwa kwanza, ndipo aamue kama picha inahitajika. Ajitahidi kupata picha za awali kutoka kwa waliomtibu mbeleni. Mtambo wa pande tatu utumiwe pale tu picha ndogo haitoshi. Kwa mtoto, ambaye seli zake zinagawanyika kwa kasi na ambaye ana miaka mingi ya kuishi, vipengele hivyo vina uzito kuliko aproni yoyote.

Kenya haijakosa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyorithi kazi ya iliyokuwa Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi, na hakuna anayeruhusiwa kutumia mtambo wa eksirei bila idhini yake. Mgonjwa ana kila sababu ya kuuliza iwapo kliniki ina leseni hiyo. Lakini leseni hukagua mtambo, chumba na mwendeshaji. Haisemi lolote kuhusu picha ya tatu ya jino ambalo lilikwisha kuonekana katika picha ya kwanza.

Kuhusu hilo, silaha ya mgonjwa imo katika sheria nyingine ya mwaka huo huo, ile ya Ulinzi wa Data. Inampa mtu haki ya kupata habari zake zinazohifadhiwa na wengine, na inazitambua habari za afya kuwa nyeti. Siku hizi picha nyingi za meno ni za kidijitali. Kuituma kwa simu au barua pepe ni kazi ya dakika moja.

Wazazi wa mpwa wangu waliandika barua fupi kwa kliniki ile ya kwanza, wakaitaja sheria hiyo. Picha ilitumwa kesho yake asubuhi. Daktari wa pili alipoilinganisha na aliyoipiga mwenyewe, alikiri kwamba hakuna alichokiona katika yake ambacho hakikuwemo katika ile ya kwanza.