Saini ya Kibali ni Ahadi ya Marejeo

Wahenga wetu wa visiwani wametuachia msemo usemao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumeukumbuka msemo huu kwa sababu kila mwaka vijana wetu wa Unguja na Pemba hufunga mizigo kwenda nchi za mbali kutafuta elimu, na baadhi ya nchi hizo amani yake ni ya mashaka. Leo tunapenda kuuliza swali moja tu. Kijana huyo anapoondoka na kibali cha chuo mkononi, je, aliyekitia saini amefikiri namna atakavyorudi?

Swali hili halikuzuka hivi hivi. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani, vita vililipuka mjini Khartoum baina ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF. Mji huo kwa miaka mingi umekuwa ukipokea vijana wa Kitanzania, wakiwemo wa visiwani, waliokwenda kusomea dini, udaktari na fani nyengine. Serikali ilifanya kazi ya kupongezwa. Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa njia ya barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa nyumbani kwa ndege kabla ya mwezi wa Aprili kumalizika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wanafunzi wa Kiafrika, wakiwemo wetu, walikwama katika mji wa Sumy ulio karibu na mpaka wa Urusi, huku mabomu yakianguka. Na tarehe 7 Oktoba 2023, katika mashambulizi yaliyotokea kusini mwa Israel, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kwa mafunzo ya kilimo walipoteza maisha yao. Hao hawakurudi wakiwa hai.

Mtu anaweza kusema kwamba vita ni kudura, na hakuna chuo kinachoweza kuvitabiri. Ni kweli kwamba siku na saa havijulikani. Lakini hatari nyingi huonekana kwa mwenye kutazama. Mashariki ya Ukraine kulikuwa na mapigano tangu mwaka 2014, na Sudan ilipinduliwa serikali mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Nahodha hawezi kuamuru upepo, lakini nahodha anayetweka tanga bila ya kutazama mbingu hawezi kujitetea kwa kusema kuwa dhoruba ni kudura.

Isitoshe, hatari si mabomu peke yake. Giulio Regeni, mwanafunzi wa Kiitaliano wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikwenda Cairo kufanya utafiti juu ya vyama huru vya wafanyakazi. Alitoweka tarehe 25 Januari 2016, na maiti yake ikaonekana tarehe 3 Februari ikiwa na alama za mateso. Mwezi wa Mei 2018, Matthew Hedges wa Chuo Kikuu cha Durham alikamatwa Dubai baada ya kumaliza utafiti wake juu ya mambo ya usalama. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa madai ya ujasusi, aliyoyakanusha, kisha akasamehewa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Miji hiyo miwili haikuwa katika vita. Kilicholeta balaa ni mambo yaliyokuwa yakiulizwa, na watu waliokuwa wakiulizwa. Basi anayepima hatari ya safari hana budi kutazama nchi, na pia kutazama ni nini kijana anakwenda kukitafuta ndani ya nchi hiyo.

Vyuo vingi vya Uingereza na Marekani vimejifunza kwa uchungu. Mwanafunzi anayetaka kwenda mahali palipotajwa na serikali yake kuwa pa hatari hujaza fomu ya kupima hatari hizo, na ombi lake hupelekwa kwa wakuu wa chuo badala ya kuishia kwa mwalimu wake. Marekani, tangu mwaka 2018, imezipanga nchi katika ngazi 4 za tahadhari, na vyuo vingi vya huko haviruhusu safari ya ngazi ya 3 au ya 4 ila kwa idhini maalumu. Tena mashirika mengi ya bima hukataa kulipa iwapo msafiri amekwenda kinyume na onyo la serikali yake.

Kwetu sisi, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ina utaratibu wa kutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Utaratibu huo ni mzuri, lakini shabaha yake ni kuhakikisha kwamba chuo na masomo yanatambuliwa. Shahada inaweza kutambulika kila mahali na mji unaotolewa shahada hiyo ukawa unateketea. Kuna pengo hapo, na pengo hilo huzibwa na wazazi kwa dua na kwa simu zisizopokelewa.

Sisi watu wa visiwani tunajua gharama ya safari isiyo na orodha. Meli ya Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, moja kati ya machungu yetu makubwa lilikuwa ni kutojulikana kwa yakini ni watu wangapi waliokuwemo ndani yake. Mwanafunzi aliye ng'ambo asiyejulikana na ubalozi wala na chuo chake ni abiria asiyeandikwa.

Kwa hivyo tunawaomba wakuu wanaohusika wayatazame mambo haya manne. Kwanza, kila chuo kiwe na kamati ndogo ya kupitia safari za nchi zenye hatari, isiyomtegemea mwalimu wa mwanafunzi peke yake, kwani mwalimu huenda ana hamu ya utafiti huo kuliko mwanafunzi mwenyewe. Pili, ombi lieleze mwenyeji ni nani, msafiri atalala wapi, atauliza nini, na atatoka kwa njia gani mambo yakiharibika. Tatu, jina lake lifike ubalozini kabla yeye hajafika, na pale ambapo hatuna ubalozi, lifike kwa ubalozi unaoisimamia nchi hiyo. Nne, bima na nauli ya kurudi viwekwe tangu siku ya kwanza, visiwe vya kuchangishwa misikitini na mitaani baada ya msiba.

Tunajua pingamizi itakayotolewa. Watasema kwamba nafasi za masomo za bure aghlabu hutoka katika nchi hizo hizo, na kwamba mtoto wa mvuvi wa Micheweni au wa mkulima wa Makunduchi hana uwezo wa kuchagua. Pingamizi hiyo ni nzito, na hatuidharau. Ndiyo maana hatuombi milango ifungwe. Kibali kisicheleweshwe mpaka nafasi ikapotea. Kamati ipewe muda maalumu wa kujibu, na ikikataa itoe sababu kwa maandishi. Wala kamati isigeuzwe kuwa rungu la kuzuia utafiti usiompendeza mkubwa fulani. Inachopaswa kuuliza ni kama kijana atakuwa salama. Anayetaka kwenda baada ya kuelezwa ukweli wote, na mipango yake ikiwa imekamilika, aachiwe aende.

Kwa wazee wetu tuna neno moja. Baraka ya mzazi ni jambo kubwa, lakini iambatane na maswali. Usione haya kumuuliza mwanao, au kumuuliza wakala aliyemtafutia nafasi, hali ya mji ule ikoje na nani atawajibika siku ya shida. Wakala anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Na kwa mkuu anayeshika kalamu tunasema hivi. Muhuri na wino ni vitu vyepesi, na mafaili yakiwa mengi mezani mkono huzoea kutia saini bila ya jicho kusoma. Lakini chini ya karatasi ile lipo jina la mtoto wa watu. Anayemruhusu kwenda ameahidi, hata kama hakutamka, kwamba atajua alipo na atamtafuta akipotea. Asiyeweza kuitimiza ahadi hiyo asitie saini mpaka aweze.