Kabla hamjatupa hizo mbegu, mmeziloweka?

Kama uko kwenye kikundi cha vijana mtaani, hii unaijua. Mvua imeanza, mnafungua pakiti ya mbegu za miti iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi, mnapanda kwenye vifuko, mnapiga picha za kuposti. Mwezi mmoja baadaye kitalu ni udongo mtupu. Chapaa za kikundi zimeenda, na wenzenu wameanza kukosa mikutano.

Sisi yalitupata na kaliandra. Vifuko 200, miche 14. Mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara alitucheka kwanza, halafu akauliza, "Kwani mliziloweka?" Tukabaki kutazamana.

Mbegu kuzeeka si lazima iwe imekufa. Imechoka tu. Ukiitia kwenye udongo unaolowa leo na kukauka kesho, huenda ikaoza kabla haijaamka. Ikilala kwenye maji usiku mmoja, inaingia udongoni ikiwa imeshiba, na inaota mapema.

Ila usidhani ndoo moja inatosha mbegu zote. Lusina na mgunga zina ganda gumu. Chemsha maji, yaepue, zimwagie, uziache humo zipoe mpaka asubuhi. Usizichemshe motoni, hiyo si githeri! Mbegu kuukuu ya ganda laini haitaki hayo. Hata maji baridi yakiingia kwa ghafla yanaweza kuiumiza, kwa hivyo ifunge kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu. Wala usiziache majini siku nyingi, zitakosa hewa. Na mwarobaini wa mwaka juzi? Huo tupa, mbegu zake hazidumu.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Sawa. Lakini anayetugawia mbegu kwa nini asiandike kwenye pakiti zilivunwa lini na zilowekwe vipi? Tunahesabu zilizopandwa, hakuna anayerudi kuhesabu zilizoota. Ukipewa pakiti isiyo na tarehe, uliza hapo hapo, hata kama kamera ziko.

Kama unazo nyumbani, chukua 20 leo usiku. Loweka 10, zile 10 ziache kavu. Kesho zipande zote, kila kundi kwenye kopo lake, na uandike ni lipi.