Tuhesabu Mikono ya Waganga



Kila mara tunawaambia: vaeni kofia ya chuma, naweni mikono mbele ya kula. Leo nasema juu ya mikono yetu sisi waganga. Nani anaihesabu?

Mnakumbuka Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ilipokwisha Juni 2020, iliua watu 2.287. Agosti 2019 ilifika mpaka Pinga, huku Walikale. Waganga na wasaidizi wao zaidi ya 160 waliugua, na wagonjwa wengi waliipata mahali pale pale walipokwenda kutafuta dawa.

OMS inataja nyakati 5 za kusafisha mikono: mbele ya kumgusa mgonjwa, mbele ya kazi safi kama sindano au kidonda, baada ya kugusa damu au uchafu wa mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda na vitu vyake. Kupima si kazi ngumu. Mtu anasimama na karatasi. Kama nyakati zilikuwa 20, na mikono ilisafishwa mara 8, ni 40 kwa mia.

Mtasema: anayetazamwa hunawa zaidi. Ni kweli. Hata mchimbaji huvaa kofia akimwona kapita. Kwa hiyo tupime pia sabuni na alkoli inayotumika kila mwezi. Chupa haimwonei mkubwa haya.

Wenzangu wengine wanaogopa adhabu. Mimi nilipohesabiwa mara ya kwanza, katika lopitali nyingine, niliona haya: nilikuwa navaa mipira ile ile ya mikono toka kitanda hadi kitanda, nikidhani ni safi. Lakini karatasi ilionyesha pia kwamba tulishindwa zaidi siku ambazo pipa la maji lilikuwa tupu. Kosa halikuwa la muganga peke yake.

Basi nasema hivi: maji na sabuni vitangulie, hesabu ifuate, na matokeo yabandikwe mlangoni bila majina ya watu. Na wewe mgonjwa, uliza: «Muganga, umenawa?» Si matusi. Shimoni hamshuki kabla ya kuuliza kama nguzo ni imara. Kitandani pia, uliza.