Kijana Ugenini na Wenzi Wake

Mzazi mmoja wa hapa Tanga alinijia na huzuni. Mwanawe aliye masomoni Uingereza amemletea picha: leo yuko sinema, kesho yuko kwenye tamasha la muziki, pamoja na wenzi asiowajua. Akaniuliza, "Maalim, mwanangu amepotea?"

Nikamwambia, "Tuulize kwanza anafuatana na nani." Mimi nami katika ujana wangu nilisimama mlangoni pa sinema ya Majestic, wala sijisifu kwa hilo. Lakini jirani alikwisha kuniona, na kabla ya Isha baba alikuwa na habari. Huko ugenini jicho la jirani halipo; aliye karibu na kijana ni rafiki yake tu. Mtume s.a.w. alimfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski: hata usiponunua kwake, utapata harufu nzuri.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta vijana wa mji wakilipokea jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, ili ajipatie mgeni wake. Mfanyabiashara alipata mwenyeji kabla hajashuka pwani.

Basi enyi wazazi, mtafutieni kijana mwenyeji mwema kabla hajasafiri. Hata London uko msikiti mkuu wa Regent's Park, tangu 1977. Nawe kijana, watazame wenzi wako ujiulize: ni nani kati yao atakayeniamsha kwa sala ya Alfajiri? Ikiwa hayupo, mtafute leo.

Wabillahi tawfiq.