Mguu wa Dereva na Petroli ya Umma

Magari mengi madogo ya Japani yanayoshushwa Unguja hayana gia za kuhesabika. Ndani mna ukanda wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kujibana, ili injini izunguke polepole huku gari likienda. Faida hiyo hupotezwa na dereva anayekanyaga mafuta hadi chini: injini hunguruma, petroli huteketea, na mwendo hauongezeki kwa kadiri hiyo. Akanyage taratibu, na aachie mapema aionapo foleni ya Darajani.

Petroli yote ya Visiwa hivi huja kwa meli. Hatuoni sababu ya gari la ofisi kuendeshwa kana kwamba inachotwa kisimani. Wakuu wa idara wawaagize madereva wao. Na mafundi wasitie oili ya gia ya kawaida, kwani magari hayo yana oili yake.